Jinsi ya kujipima biolojia ya mwaka wa kwanza kabla mtihani haujakupima

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeanza chuo, awe anasomea uuguzi, ualimu, kilimo au shahada ya sayansi. Ana madesa yote, ameyapitia mara kadhaa, na bado hajui kama anajua. Nimewaza zaidi wanafunzi wanaorudi Kigoma likizo na begi la madaftari, kwa sababu mkoa huu una mifano ya biolojia ambayo kitabu kilichochapwa Ulaya hakiwezi kukupa: Ziwa Tanganyika, michikichi, mihogo, sokwe wa Gombe. Aliye Tabora abadili mifano tu, nyuki na miombo vinamtosha.

Kwanza tukubaliane kwamba kusoma daftari upya hakupimi kitu. Ukipitia ukurasa wa mitokondria mara ya tatu, macho yameshauzoea, nawe unadhani umeuelewa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, wengine walifunika karatasi wakaandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Sasa unaelewa kwa nini anayebukua mlangoni mwa chumba cha mtihani anajiona yuko vizuri, halafu likizo ikifika hana kitu.

Hatua ya 1: Orodhesha mada na useme unajiamini kiasi gani

Karibu kozi zote za utangulizi zinazunguka mada hizi nane: kemia ya uhai pamoja na vimeng'enya, seli na utando wake, upumuaji wa seli na usanisinuru, mgawanyiko wa seli, urithi, safari ya DNA hadi protini, mageuko, na ikolojia. Ziandike kwenye karatasi moja. Mbele ya kila mada andika "najua", "nusu" au "sijui", upesi, bila kufungua daftari. Weka tarehe, kisha ikunje karatasi hiyo na kuihifadhi. Tutairudia kwenye kusahihisha.

Hatua ya 2: Karatasi tupu, dakika kumi

Chagua mada moja. Funga kila kitu, simu iende chumba kingine, andika na uchore yote unayoyajua kwa dakika kumi. Usisimame kutafuta neno zuri. Dakika zikiisha, fungua daftari, chukua kalamu nyekundu, jaza ulichoacha na ukate ulichokosea.

Angalia sana mishale. Wanafunzi wengi huandika "mitokondria ndiyo inayotengeneza nishati ya seli" wakaishia hapo. Kauli hiyo haina kinachoingia, kinachotoka wala mahali. Jibu lenye mishale linakwenda hivi: glukosi inavunjwa kwenye saitoplazimu kuwa pairuveti mbili, na faida yake ni ATP 2 (ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya seli). Pairuveti zinaingia mitokondria, kaboni zake zinatoka kama kabonidayoksaidi. Elektroni zinapita kwenye protini za utando wa ndani, zikisukuma protoni upande mmoja. Protoni zikirudi zinaendesha kimeng'enya kinachounda ATP. Mwisho wa njia, oksijeni inazipokea elektroni na maji yanatokea. Jumla ni ATP 30 hadi 32 kwa glukosi moja. Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, na usigombane na mwalimu wako kwa ajili ya hizo namba.

Kama karatasi yako haina neno "utando wa ndani", hiyo mada ni "nusu" hata kama uliiandikia "najua".

Hatua ya 3: Jiulize maswali ya "ingekuwaje kama"

Swali zuri la kujipima ni lile ambalo jibu lake haliko kwenye daftari lako, ila vitu vya kulijengea vimo. "Taja kazi za utando wa seli" linapima kukariri. Ukitaka kujua kama umeelewa, haribu kitu kimoja kwenye mfumo halafu ubashiri kitakachotokea.

Anza na muhogo. Kila mtu Kigoma anajua kwamba muhogo mchungu lazima uvundikwe au ulowekwe, na wengi wanajua una sumu. Swali: *Mtu aliyekula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri anavuta hewa kama kawaida, na damu yake imejaa oksijeni. Kwa nini seli zake zinakosa nishati?*

Andika jibu lako kabla hujaendelea.

Ukiandika "kwa sababu sumu inaua seli", jipe sifuri. Sianidi, ambayo ndiyo sumu ya muhogo, inafunga kimeng'enya cha mwisho kwenye ule mnyororo wa elektroni, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Mwisho ukizibwa, elektroni zinakwama nyuma yake, protoni hazisukumwi, na ATP za mitokondria hazitengenezwi. Oksijeni ipo ila hakuna wa kuitumia. Seli inabaki na zile ATP 2 za saitoplazimu, na ubongo na moyo hawawezi kuishi kwa hizo. Aliyepata jibu hili ameuelewa mnyororo wote.

Ongeza swali la pili hapohapo: *kwa nini kutwanga au kuloweka kunapunguza sumu, wakati sumu inatokea pale muhogo unapopondwa?* Ndani ya seli ya muhogo, kemikali inayobeba sianidi imetengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Ukiponda, seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inaachiliwa. Kwa kuwa inayeyuka kwenye maji na kupotelea hewani kwa urahisi, kuloweka na kuanika kunaiondoa kabla haijafika mdomoni. Swali hili moja limepima vimeng'enya, muundo wa seli na upumuaji kwa pamoja.

Kwa osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea palipo na chumvi nyingi, nenda ziwani. *Mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, anaishi kwenye maji baridi. Je, anahitaji kunywa maji mengi au machache? Na mkojo wake ni mzito au mwepesi?* Mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo maji yanamwingia yenyewe kupitia matamvua. Hahitaji kunywa mengi, na anatoa mkojo mwingi ulio mwepesi. Sasa mgeuze: awe samaki wa baharini pale Dar es Salaam. Kama hukuweza kugeuza jibu bila kufungua daftari, ulikariri mwelekeo wa maji bila sababu yake.

Kuna jaribio la jikoni pia. Kata vipande viwili vya kiazi mbichi vilivyo sawa, kimoja kitie kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye chumvi nyingi. Kabla hujaviweka, andika ubashiri wako na sababu. Rudi baada ya saa mbili au tatu uvikunje. Cha chumvi kimelegea, cha maji matupu kimekakamaa. Jaribio ni la shule ya msingi, najua, lakini wako watu wa shahada wanaoandika ubashiri kinyume.

Na usanisinuru una swali lake la Ujiji: *ile miembe mikubwa, uzito wa mbao zake umetoka wapi?* Asilimia kubwa ya wanaoulizwa hujibu udongo. Sehemu kubwa ya uzito mkavu imetoka kwenye kabonidayoksaidi ya hewani pamoja na maji. Udongo umechangia madini, kiasi kidogo. Ukimaliza hapo jiulize kama mwembe unapumua mchana. Unapumua saa zote, mchana na usiku.

Hatua ya 4: Urithi upimwe shambani

Hapa nitakaa, kwa sababu mchikichi ndio swali bora la urithi ninalolijua, na wanafunzi wa Kigoma wanaupita kila siku wakikimbilia njegere za Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi.

Unene wa ganda la chikichi unatawaliwa na jeni moja kuu yenye aleli mbili, yaani matoleo mawili ya jeni hiyo. Mti wenye aleli mbili za ganda ni dura: ganda nene, nyama ya mafuta kidogo. Mti usio na aleli ya ganda kabisa ni pisifera: hauna ganda, na mara nyingi mashada yake yanashindwa kuzaa. Mwenye moja na moja ni tenera: ganda jembamba, nyama nyingi, mawese mengi. Michikichi ya kienyeji kwa sehemu kubwa ni dura. Kituo cha Kihinga cha TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinahimiza tenera. Jambo hili lilifumbuliwa na Beirnaert na Vanderweyen mwaka 1941, huko Yangambi, Kongo.

Sasa jipime, swali moja baada ya jingine, na ulijibu lote kwa maandishi.

*a) Dura akizalishwa na pisifera, watoto ni wa aina gani?* Wote tenera. Hili ni jepesi.

*b) Mkulima wa Simbo ana shamba la tenera watupu. Anaokota mbegu na kuotesha. Atapata nini?* Robo dura, nusu tenera, robo pisifera. Yaani robo ya shamba lake jipya huenda isimpe mavuno. Ndiyo sababu wataalamu wanakataza kuotesha mbegu za tenera, na sasa unaweza kumweleza jirani sababu yake kwa mahesabu badala ya kumwambia tu wamekataza.

*c) Kama shamba hilo limezungukwa na dura za kienyeji, na chavua nyingi inatoka huko?* Hapo ni nusu dura, nusu tenera. Mwanafunzi aliyekariri 1:2:1 anaanguka hapa, kwa kuwa hakuuliza baba ni nani.

*d) Chavua ya pisifera ikitua kwenye ua la mchikichi wa dura, ganda la chikichi litakalokomaa litakuwa nene au jembamba?*

Lisome tena. Wengi wanaruka haraka: "Mtoto ni tenera, kwa hiyo ganda jembamba." Si kweli. Ganda limetokana na ukuta wa ovari ya mama, kwa hiyo lina jeni za mama, na mama ni dura. Ganda litakuwa nene. Kilicho tenera ni kiinitete kilicho ndani yake, na utauona utenera wake miaka kadhaa baadaye, mti ule ukianza kuzaa. Kwa hiyo mbegu halali ya tenera inayouzwa ina ganda nene, na mkulima anayeikataa kwa kuangalia ganda amekataa mbegu nzuri. Ukijibu d) na sababu zake bila msaada, mada ya urithi iandikie "najua" kwa kalamu ya wino.

Malizia na selimundu, kwa ufupi. Baba na mama wote wamebeba aleli moja ya selimundu. Mtoto wa kwanza amezaliwa na ugonjwa. Uwezekano wa mtoto wa pili kuugua ni kiasi gani? Ni robo, vilevile kama mwanzo. Mimba ya pili haikumbuki ya kwanza.

Hatua ya 5: Kromosomu zihesabiwe kwa maharage

Mada hii haina uhondo, ina hesabu tu. Chukua maharage ya rangi mbili, moja ya mama, nyingine ya baba, uyapange mezani kama kromosomu za seli yenye kromosomu nne. Zirudufu kwa kuweka harage la pili pembeni ya kila moja, kisha zigawe, kwanza kwa mitosisi (mgawanyiko wa kawaida wa seli), halafu kwa meiosisi (mgawanyiko wa kutengeneza mbegu za uzazi). Baadaye jibu kwa seli ya binadamu: kabla ya kurudufu DNA kuna kromosomu 46, baada ya kurudufu bado ni 46 lakini kromatidi, yaani nakala mbili za kila kromosomu, ni 92, na kila seli inayotoka kwenye mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi ina kromosomu 23 zenye kromatidi mbili mbili. Ukibabaika kwenye hiyo ya katikati, rudi kwenye maharage.

Hatua ya 6: Mageuko, na kitenzi kinachokuumbua

Ziwa Tanganyika lina samaki anayeitwa kitaalamu Perissodus microlepis. Chakula chake ni magamba ya samaki wengine, anayoyang'oa kwa kuvizia kutoka nyuma. Mdomo wake umepinda upande: wapo waliopinda kulia, wanaong'oa ubavu wa kushoto wa windo, na wapo waliopinda kushoto, wanaong'oa ubavu wa kulia. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alionyesha kwamba makundi haya mawili hupanda na kushuka kwa idadi, yakizunguka nusu kwa nusu.

Swali: *wenye mdomo wa kulia wakiwa wengi kupita kiasi, nini kinafuata, na kwa nini?*

Jibu: mawindo yanazoea kuulinda ubavu wa kushoto, kwa sababu huko ndiko yanakoumizwa mara nyingi. Wa kulia wanakosa shabaha, wa kushoto ambao ni wachache wanashiba na kuzaa zaidi. Vizazi vinavyofuata, wa kushoto wanaongezeka, mpaka nao wawe wengi na mambo yawageukie.

Sasa soma jibu lako uangalie vitenzi. Je, uliandika "samaki wanageuza midomo yao ili wapate chakula"? Basi unamfikiria samaki mmoja anayebadilika kwa kutaka. Hakuna samaki aliyegeuza mdomo. Kilichobadilika ni uwiano wa aina mbili ndani ya jamii, kutoka kizazi hadi kizazi. Kosa hili nimelikuta kwa wanafunzi wazuri kabisa, tena wenye alama za juu za kidato cha sita.

Swali jingine la hapa nyumbani ni lile ambalo kila aliyepanda boti kwenda Gombe amewahi kuulizwa: "Kama tulitoka kwa sokwe, mbona hawa bado sokwe?" Lijibu kwa sentensi tatu. Lazima iwemo hii: binadamu na sokwe wana babu mmoja aliyeishi miaka milioni 6 au 7 hivi iliyopita, na kila ukoo ukafuata njia yake.

Hatua ya 7: Mweleze asiyesoma biolojia

Tafuta mtu mwenye akili na shughuli zake, ambaye hatakuonea aibu. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimsaidia alikwenda Kibirizi kumweleza mama mmoja muuza samaki kwa nini chumvi inazuia samaki kuoza. Akaanza vizuri: chumvi inavuta maji kutoka kwenye samaki kwa osmosisi. Yule mama akamkatiza: "Ngoja kwanza, mwanangu. Mbona samaki mwenyewe ndani anakuwa wa chumvi? Chumvi inaingia, au maji yanatoka?"

Kijana akakaa kimya. Vyote viwili vinatokea. Seli za samaki aliyekufa zimeharibika, utando wake hauchagui tena nini kipite, kwa hiyo maji yanatoka na chumvi inaingia kwa kutawanyika. Osmosisi safi inawapata bakteria walio hai juu ya samaki: wananyang'anywa maji na kushindwa kukua. Swali la yule mama lilikuwa gumu kuliko yote aliyokutana nayo kwenye testi za muhula ule.

Ukikosa mtu, fanyeni diskasheni, lakini kwa masharti: msemaji mmoja, madaftari yamefungwa, na wengine kazi yao ni kuuliza "kwa nini" na "ingekuwaje". Diskasheni ya kusomeana madesa ni kupoteza jioni.

Hatua ya 8: Sahihisha kwa ukali, kisha linganisha

Jiwekee mwongozo wa usahihishaji kabla ya kuangalia jibu lako: alama moja kwa kila hatua ya sababu, si kwa kila neno la kitaalamu. "Osmosisi" peke yake haina alama. "Maji yanaingia kwa sababu ndani kuna chumvi nyingi kuliko nje" ina mbili. Usijipe alama kwa ulichomaanisha, jipe kwa ulichoandika, maana msahihishaji hatakuwa na wewe pembeni.

Sasa kunjua ile karatasi ya hatua ya kwanza. Mada uliyoiandikia "sijui" na ukakosa haina shida, utaisoma. Anza na zile ulizoandika "najua" halafu ukapata chini ya nusu, kwa sababu hizo hungezigusa kabisa.

Hatua ya 9: Rudia kwa nafasi

Swali ulilokosa lirudie kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ukilipata mara mbili mfululizo katika siku tofauti, lipumzishe. Changanya mada unaporudia. Maswali kumi ya urithi mfululizo yanakuwa rahisi kwa kuwa tayari unajua yote ni ya urithi, na mtihani hautakuambia hivyo. Usiku wa kuamkia mtihani usianze mada mpya. Fanya karatasi tupu moja, dakika kumi, ulale.

Yatakayobaki mekundu baada ya wiki mbili mpelekee mwalimu. Usiende na "sijaelewa meiosisi", atakurudishia somo zima na utatoka ulivyoingia. Nenda na swali, jibu lako ulilokosea, na mstari uliopiga pale unapodhani ulianza kupotea.